Kompyuta ya mezani imegoma kuwaka: soma dalili kabla ya kununua kifaa

Mzee mmoja alipanda basi kutoka Moshi, CPU yake mapajani, kilomita 80 hivi mpaka kwenye meza yangu hapa Arusha, jirani na soko la Kilombero.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Hii imekufa. Niambie tu nyingine ni shilingi ngapi."

Nikachukua waya wangu, nikachomeka, nikabonyeza. Ikawaka. Tukatazamana. Waya wake alikuwa ameuacha nyumbani, maana nani hubeba waya? Jioni mwanawe akafungua plagi yake kule Pasua, akakuta fyuzi imekatika.

Lile sanduku watu wote huliita CPU. CPU yenyewe ni prosesa, kidude kidogo kilichomo ndani, lakini nimeshaacha kubishana. Humu nitasema sanduku.

Ukimwambia fundi "imekufa" hujamwambia kitu. Mwambie ulichoona, ulichosikia na ulichonusa. Kompyuta huamka kwa hatua: umeme unaingia pawa saplai (boksi la chuma linalogawa umeme ndani), pawa saplai inaamsha madabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote), madabodi inakagua prosesa na ramu (kumbukumbu ya muda), inatafuta pa kutolea picha, inatafuta diski, ndipo Windows ianze. Dalili inakuonyesha safari imekatikia wapi. Nimezipanga kwa kufuata safari hiyo, na ndani ya kila dalili kinachonijia mezani mara nyingi kinatangulia.

Kabla hujafungua kava, chomoa waya ukutani. Kuzima swichi tu hakutoshi. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde 15 ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa kitu kingine chochote, hasa miezi ya ukavu, nguo zinapovutana mwilini.

Kimya kabisa: hakuna taa, hakuna feni

Hii ndiyo huwatisha watu kuliko zote, na mara nyingi ndiyo isiyokula hela.

Anza ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Kama nyumba nzima iko kimya, angalia Luku kwanza. Nimeshapigiwa simu ya namna hiyo, sitasema na nani. Kisha ruka ekstensheni, ruka stabilaiza, ruka UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), upeleke waya wa kompyuta moja kwa moja ukutani. Ekstensheni za bei rahisi hulegea ndani. Ukiitikisa ukasikia cheche zinalia, itupe leo. UPS yenye betri iliyokufa mara nyingi hukataa kuwaka hata kama umeme upo. Stabilaiza nayo, umeme ukirudi, husubiri kidogo kabla ya kuupitisha, na umeme ukiwa mdogo mno haipitishi kabisa, kwa sababu ndiyo kazi yake. Mtu hajui hilo, anabonyeza kitufe mara ishirini, anaita boda.

Umeme umefika ukutani? Sasa waya. Monita nyingi hutumia waya wa aina moja na wa sanduku, kwa hiyo badilishana. Monita ikizimika na sanduku likawaka, umepata jibu bila fundi. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ndogo ndani. Nyingine huhitaji kufungua skrubu, nyingine ina kijimlango upande wa pini unachokibandua kwa ncha ya bisibisi. Ikikatika weka nyingine ya ampea zilezile. Ile tabia ya kuizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara iache. Ukishaiziba hivyo, kitakachoungua safari ijayo ni waya uliomo ukutani.

Geuza sanduku. Pawa saplai nyingi zina swichi nyuma yenye alama I na O. O maana yake imezimwa, na sanduku likisukumwa ukutani swichi hiyo hubonyezwa bila mtu kujua. Mashine za zamani, hasa zilizotoka Marekani, zina swichi nyingine ndogo, aghalabu nyekundu, yenye namba 115 na 230. Kwetu ni 230. Ukichomeka ikiwa kwenye 115 utasikia mlio kama wa fataki, moshi kidogo, na pawa saplai imekwenda. Ukinunua kompyuta ya mtumba, ikague swichi hiyo kabla waya haujagusa ukuta, kisha ibandikie utepe isiguswe.

Kama tatizo limeanza umeme ulipokatika na kurudi kwa fujo, huenda pawa saplai imejifungia kujilinda. Chomoa, shikilia kitufe nusu dakika, kanywe chai, urudi uchomeke. Nyingi huamka hapo. Kuanzia siku hiyo, umeme ukikatika chomoa, na ukirudi subiri dakika tano.

Bado kimya? Fungua kava. Kwenye madabodi nyingi kuna taa ndogo inayowaka mashine ikiwa imechomekwa tu. Ikiwaka, umeme wa kusubiri unafika, na mshukiwa wa kwanza ni kitufe cha mbele au nyaya zake mbili nyembamba. Fuata nyaya hizo mpaka kwenye pini zilizoandikwa PWR au PW, zichomoe, uguse pini hizo mbili kwa pamoja kwa ncha ya bisibisi, mguso wa haraka. Kompyuta ikiwaka, kitufe ndicho kibovu. Ukiwa huna uhakika wa pini usibahatishe.

Taa isipowaka, tunaingia kwenye pawa saplai. Dell nyingi za ofisini zina kitaa nyuma yake, nyingine na kitufe cha kujipima: chomoa nyaya zake zote ndani, ichomeke ukutani, bonyeza. Kitaa kisipowaka, ni mbovu. Kwa plagi ya kawaida ya pini 24, fundi huunga waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, pawa saplai ikiwa imetengwa na bodi, aone kama feni inazunguka. Feni kuzunguka bado si cheti. Mwenye multimita (kipimo cha umeme) apime: waya wa zambarau volti 5 hata mashine ikiwa haijawashwa, wa njano volti 12. Njano ikishuka chini ya 11.4 nina wasiwasi nayo.

Ukienda kununua nyingine usitaje wati peke yake. HP na Dell nyingi za ofisini, zile zinazojaa kwenye maduka ya mitumba, zina plagi zao wenyewe, na sanduku jembamba halipokei pawa saplai ya kawaida. Nenda na ile mbovu mkononi.

Na hapo ndipo mkono wako unapoishia. Usifungue pawa saplai yenyewe. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa mle ndani hufika volti 325 hivi, na makapasita makubwa, vijikopo vya mviringo vinavyotunza umeme, hubaki nazo hata baada ya waya kuchomolewa.

Asubuhi inagoma, mchana inawaka

Dalili hii naiona zaidi Juni na Julai, na zaidi Arusha kuliko Moshi, ambako joto halikosi. Ofisi moja ya Njiro walikaa wiki kadhaa nayo. Dada wa mapokezi alikuwa anakuja na draya ya nywele, anaipulizia hewa ya moto nyuma ya sanduku dakika tano, inawaka, anaiacha mezani tayari kwa kesho. Nilipofika niliikuta bado ina joto. Sikucheka, kwa sababu alikuwa ameshagundua ugonjwa wenyewe bila multimita.

Yale makapasita yana majimaji ndani. Miaka ikienda majimaji hukauka, na baridi huyafanya yafanye kazi vibaya zaidi mpaka yapate moto. Fungua kava, uangalie madabodi kwa tochi. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Iliyoharibika imevimba juu kama andazi, au ina uchafu wa kahawia umetoka. Ukiona kwenye madabodi zimevimba, ni kazi ya fundi wa kuunga kwa risasi, na usichelewe, kwani zikiachwa huharibu jirani zake. Usipoziona, mara nyingi ziko ndani ya pawa saplai, nayo hubadilishwa yote. Ile ya Njiro ilikuwa pawa saplai. Draya imerudi nyumbani.

Inawaka sekunde chache, inazima

Feni inazunguka kidogo, tiki, kimya. Au inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Mahali fulani umeme unagusana, au kuna kitu kimepata moto kupita kiasi.

Kwa watu wa stesheneri kisababishi cha kwanza ni tundu la USB la mbele. Wateja mia kwa siku, kila mmoja na flashi yake, mwingine anaiingiza kichwa chini. Kuna mama wa Sakina aliniletea mashine aliyokwishaibadilishia pawa saplai mara mbili. Nikamulika tundu la mbele: ule ulimi wa plastiki umevunjika, vyuma vyake vinne vimelaliana. Nikachomoa waya wa USB za mbele kutoka kwenye madabodi, mashine ikawaka na haikuzima tena. Madabodi nyingine za ASUS huandika kabisa kwenye kioo kwamba kifaa cha USB kinavuta umeme kupita kiasi, kisha hujizima baada ya sekunde 15. Kwa hiyo kabla ya lolote chomoa kila kitu: printa, flashi, kamera, spika. Bakiza monita na kibodi.

Baada ya hapo tafuta skrubu iliyodondoka. Laza sanduku, tikisa taratibu, sikiliza. Skrubu moja chini ya madabodi inatosha. Wadudu wapo pia: mjusi kafiri anapenda joto la pawa saplai, na akikatiza mahali pabaya huondoka yeye na mashine pamoja.

Ikizima baada ya nusu dakika au dakika, fikiria joto. Feni ya prosesa haizunguki, au imejaa vumbi jekundu mpaka imekuwa kama mkate, au pesti iliyo kati ya prosesa na chuma chake imekauka. Pulizia kwa blowa, ukiwa umeishika feni isizunguke ovyo. Kupaka pesti upya si kazi kubwa, ila kama hujawahi kung'oa chuma cha prosesa, mpe aliyewahi.

Kama bado inazima, ondoa kifaa kimoja kimoja: kadi ya picha ya kuongezea, diski, ramu moja. Ikitulia, ulichotoa mwisho ndicho chenye makosa. Ikizima hata ikiwa imebaki madabodi, prosesa na ramu moja tu, ni pawa saplai au madabodi, na hapo inatakiwa pawa saplai nzima ya kujaribia, kitu ambacho nyumbani hakipo.

Feni inazunguka, taa inawaka, kioo cheusi

Kwa hesabu ya meza yangu, hii na ile ya kimya kabisa ndizo zinazonilisha.

Monita kwanza. Kama inaandika kwamba haipati ishara, yenyewe ni nzima. Hakikisha imechaguliwa tundu sahihi, VGA au HDMI, kwa vitufe vyake. Kisha angalia nyuma ya sanduku: kama kuna kadi ya picha ya kuongezea, waya wa monita unachomekwa kwenye kadi hiyo. Ukichomeka tundu la juu la madabodi, mara nyingi utapata weusi. Hili hutokea kila mtu anapohamisha meza au kufanya usafi.

Ya pili ni ramu, na hapa nakuomba uvumilie. Zima, chomoa, fungua. Kila upande wa ramu una kibano. Visukume nje, ramu inaruka juu kidogo, itoe kwa kushika kingo. Ule ukingo wenye rangi ya dhahabu usiuguse kwa vidole. Chukua ufutio mweupe wa shule, ufute pande zote mbili taratibu mpaka weusi uondoke, kisha ufute kwa kitambaa kikavu. Safisha mfereji wake kwa brashi kavu. Usipulizie kwa mdomo. Mate ni maji. Rudisha ukilinganisha mkato wa ramu na wa mfereji, sukuma pande zote mbili mpaka usikie "ta" mbili. Wengi husikia moja wakafunga kava.

Zikiwa mbili, jaribu moja, kisha nyingine, kisha ubadilishe mfereji. Mashine iliyosafiri nyuma ya pikapu kwenye barabara ya vumbi mara nyingi haina ugonjwa mwingine zaidi ya ramu iliyojinyanyua. Na kama umeongeza ramu juzi, ujue ramu za aina ya DDR3 na za DDR4 hazichanganyiki, mkato wake haulingani. Ikikataa kuingia usiilazimishe.

Tatu, rudisha mipangilio ya bayosi (programu ndogo ya madabodi inayoiamsha kompyuta) iwe ya kiwandani. Kwenye madabodi kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Waya ukiwa umechomolewa ukutani, itoe, subiri dakika kumi, irudishe maandishi yakiwa juu. Ila soma kwanza sehemu ya diski hapo chini, kwa sababu kitendo hiki kinaweza kuzaa tatizo jingine.

Kisha kadi ya picha: itoe, utumie tundu la madabodi kama lipo. Prosesa naiweka mwisho kabisa. Fundi akikuambia "prosesa imekufa" kabla hajagusa ramu, chukua sanduku lako.

Inalia tiiti, au taa inapepesa

Usiizime haraka. Hesabu. Ngapi, ndefu au fupi, zinarudia baada ya muda gani. Kila kampuni ina lugha yake, kwa hiyo orodha ya HP haisomi Dell. Kwenye OptiPlex, zile Dell za ofisini, taa ya kitufe ikipepesa rangi ya machungwa, shaka huwa kwenye pawa saplai, madabodi au nyaya kati yake. Piga video ya simu. Itanisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Nembo inatokea, kisha inadai hakuna diski

Flashi imesahaulika kwenye tundu. Kweli, ndicho kisababishi cha kwanza. Itoe, uwashe tena.

Kinachofuata ni ile betri ya CR2032 iliyoisha. Dalili yake: saa na tarehe zimerudi nyuma miaka, na kioo kinakutaka ubonyeze F1 kuendelea. Betri ikiisha, bayosi husahau mipangilio na kurudia ya kiwandani, ikiwemo namna ya kuzungumza na diski. Kwenye Dell nyingi namna ya kiwandani ni RAID, wakati aliyekuwekea Windows pengine alitumia nyingine, AHCI. Matokeo yake ni skrini ya bluu inayosema haifikii diski, na mtu anaformatiwa (anafutiwa diski yote) mashine iliyokuwa nzima. Weka betri mpya, ingia bayosi (F2 kwa Dell, F10 kwa HP nyingi), rekebisha tarehe, kisha ujaribu kubadilisha RAID kuwa AHCI, au kinyume chake. Isipokubali, irudishe ulivyoikuta.

Baadaye ndipo ukaze waya wa SATA, ule unaounga diski na madabodi, pande zote mbili, au ubadilishe na mwingine.

Diski ikigonga tak, tak, tak, zima papo hapo. Usiiwashe "mara moja tu nione". Kila mzunguko unaweza kukwangua faili zako. Kama ndani yake kuna picha za harusi au hesabu za saccos, inahitaji mtu wa kuokoa data, na hiyo si kazi ya fundi wa kawaida, mimi nikiwemo.

Windows inaanza, inazunguka, inajiwasha upya

Hapo vifaa vingi vimeshapona kwenye lawama. Mara nyingi umeme ulikatika Windows ikijisasisha. Iache saa nzima kwanza. Ikishindwa kuanza mara mbili tatu mfululizo, Windows 10 na 11 hufungua zenyewe ukurasa wa matengenezo; jaribu kuondoa sasisho la mwisho, au kuingia kwa hali salama. Ikidai namba ndefu ya BitLocker, kufuli la Windows la diski, itafute kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Kuformati kuje baada ya faili kunakiliwa kwenye diski nyingine, na uzione kwa macho yako.

Acha, usiendelee

Harufu ya kuungua, moshi, au swichi kuu ya nyumba inayoanguka kila ukichomeka: chomoa na usijaribu tena. Maji yakiingia, kama paa lilivuja wakati wa masika, usiwashe "ili likauke".

Na kuna ile ya sanduku kukuwasha vidole ukiligusa, kama wadudu wanatembea. Watu huizoea. Mara nyingi soketi haina ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), na umeme kidogo unaovujia kwenye chuma hauna pa kwenda. Kesho ukivuja mwingi, wewe ndiye ethi. Hiyo ni ya fundi umeme wa nyumba; kuniletea sanduku hakutasaidia.

Kama safari ya kwa fundi imefika, andika kwenye karatasi ilifanya nini mara ya mwisho na umeshajaribu nini. Kwenye boda au daladala lilaze sanduku kwa ubavu, upande uliofungwa madabodi ukiwa chini, chuma cha prosesa kisining'inie kila mkiruka tuta. Monita iache nyumbani. Waya njoo nao.